Talaka, Eda na Kazi katika Mji wa Amu

Katika majumba ya mawe ya Amu, yaani Lamu, tangu karne ya 18 hata zama za babu zetu, baba mwenye uwezo alipomwoza binti yake hakumtoa nyumbani, bali alimjengea ghorofa juu ya nyumba yake au alimpa nyumba ya jirani, akaziunganisha mbili hizo kwa wikio lililopita juu ya kichochoro, na bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Wageni huzisifu nyumba hizo kwa zidaka na nakshi za milango. Mimi huzisifu zaidi kwa kuwa ndoa ilipovunjika, aliyefunga mizigo akatoka alikuwa mume.

Mke alikaa eda yake katika vyumba alivyovizoea tangu utotoni: twahara tatu kwa mwenye kupata hedhi, miezi mitatu kwa asiyeipata, na mwenye mimba hata ajifungue. Riziki yake nayo haikukatika, maadamu kazi ilikuwa humo humo ndani: kofia iliyotobolewa vitundu vidogo, kila kimoja kikazungushiwa uzi kwa sindano, au ukili wa mkeka. Aliyeagiza kofia hakuwa na sababu ya kumwuliza mbona hatoki.

Insafu yanilazimu niseme kwamba hifadhi hiyo haikuwafikia wote. Mjakazi, ambaye jasho la wenziwe ndilo lililobeba mawe na chokaa ya majumba hayo, hakuwa na nyumba ya kubaki nayo, na hata kuolewa kwake kulitaka idhini ya bwana wake, mpaka utumwa ulipofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Waingereza walipoishika pwani mwaka 1895 waliwaacha makadhi katika mabaraza yao, na Katiba ya 2010 imezithibitisha mahakama hizo. Lakini kazi imekwisha kutoka nyumbani: binti wa mtaa wa Mkomani au Langoni leo ni mwalimu, karani au muuguzi, na Sheria ya Ajira ya 2007, inayompa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 kwa mwaka, na mzazi wa kike miezi 3, haitaji talaka wala eda, hata mambo yake yote yakategemea murua wa mwajiri.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo aghalabu ndiyo ya watu wa Amu, wamemruhusu mwenye eda ya talaka isiyo na rejea atoke mchana kutafuta riziki, alale nyumbani kwake. Kwa hiyo zamu ya usiku hospitalini ndiyo mtihani wake mkubwa, na mkuu anayembadilishia zamu ile kwa ya mchana, pasi na kumhoji mbele ya wenziwe, amemtendea wema usiomgharimu shilingi. Kuna na siku za kadhi, ambazo zamhusu mwanamume pia, kwani daawa ya matunzo ya watoto huahirishwa mara kwa mara, na anayetoka kisiwa cha Pate hungoja maji yajae ndipo chombo kipite mkondo wa Mkanda; kumkata mshahara wa siku hiyo ni kuwakata watoto wale wale wanaodaiwa chakula barazani.