Waridi la Kuliwa Rinkeby

Katika ada za Waswahili, waridi hupokewa kwa pua kabla ya ulimi. Marashi yake hunyunyiziwa wageni kwa mrashi harusini na maulidini, na maji yake hutiwa katika halua. Petali zenyewe huliwa kwa nadra. Gulkandi, yenye asili ya Uajemi na Bara Hindi, hujificha ndani ya tambuu tamu. Nayo huivishwa kwa jua, petali na sukari zikipangwa tabaka kwa tabaka.

Rinkeby ilileta mapishi ya moto. Mtaa huu wa Stockholm ni zao la mpango wa Sweden wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwamo Waturuki wa Kulu, Anatolia ya kati. Kwao Uturuki, petali huondolewa kitako cheupe chenye uchungu, huchemshwa kwa sukari, kisha maji ya limau huurudisha wekundu. Jamu hiyo huliwa asubuhi kwa mkate na jibini nyeupe.

Baada ya 1991, vita viliwaleta Wasomali wengi, baadhi yao wakiwa wamejifunza Kiswahili Kenya. Kwa mla chapati na kahawa chungu, kijiko cha jamu hii si kigeni. Kilichogeuka ni adabu: pwani, mwenyeji humpa mgeni waridi, ughaibuni, mgeni hulinunua mwenyewe, likiwa ndani ya chupa.