Ugonjwa wa Mashine

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta ya kula yalikuwa adimu nchini mwetu. Vita vya Uganda vya 1978-79 na kupanda kwa bei ya petroli vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, na viwanda vikakosa vipuri. Basi mkulima wa Singida aliweza kuwa na magunia ya alizeti ndani, na bado akachemsha mboga bila tone la mafuta.

Jibu mojawapo lilitoka Arusha. Huko, mwaka 1985, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mashine ya kukamua isiyohitaji umeme wala dizeli. Mkono mrefu wa chuma husukuma pistoni ndani ya silinda. Mkono ukiinuliwa, mbegu hudondoka kutoka kwenye faneli. Ukishushwa, pistoni huzishindilia ndani ya kizimba chenye nyufa nyembamba. Mafuta huchuruzika nyufani, na mashudu hutokea mbele kupitia upenyo unaokazwa au kulegezwa. Karakana za hapa nchini zilizitengeneza, nazo zikaenea katika mikoa ya alizeti. Zile za kwanza zilitaka nguvu nyingi; baadaye zikaja ndogo, ambazo mtu mmoja aliweza kuziendesha.

Lakini historia ya mashine haiishii siku ilipobuniwa. Huendelea siku inapoharibika, ikafunguliwa, kisha ikafungwa upya.

Katika kijiji kimoja cha Iramba nilimkuta mama aliyeuza mbuzi ili anunue pistoni mpya. Mashine ilikuwa imeshafungwa, ila mafuta yalikuwa haba kuliko zamani. Majirani walikata shauri kwamba pistoni ni mbovu. Fundi, mzee wa makamo, hakugusa spana. Aliuliza, "Mama, mbegu ulizianika?" Mbegu baridi hubana mafuta yake, zikapata jua kwanza. Kisha akavunja kipande cha mashudu mkononi. Kilikuwa kinang'aa mafuta, yaani hakikukamuliwa vya kutosha. Akakaza upenyo, lakini mashudu yakabaki vilevile. Ndipo akaenda nyuma ya mashine, akapitisha kidole: mafuta yalikuwa yakirudi kando ya pistoni.

Pistoni ilikuwa mpya na nzima. Silinda ilikuwa ya zamani, imelika kidogo kwa miaka ya kazi. Ubovu ulikuwa katika nafasi iliyo kati yao. Fundi akaibeba silinda hadi mjini, akakerezewa pistoni nene kidogo inayoiafiki, na wiki ile mama akajaza madumu yake.

Tazama, ndugu msomaji, mpangilio wa kazi ile. Alianza na kisichogharimu kitu, akaenda hatua kwa hatua, akibadilisha jambo moja tu kila mara. Angebadilisha mawili kwa pamoja, asingejua lipi limeponya. Elimu hii aghalabu haiandikwi. Taarifa za miradi huhesabu mashine zilizogawiwa. Fundi aliyeziweka hai hatajwi.

Leo Singida ni miongoni mwa mikoa mashuhuri kwa alizeti, na kazi kubwa ya kukamua hufanywa na mashine za mota. Nyingi za zile za mkono zimelala nyuma ya nyumba, zikingoja wanunuzi wa vyuma chakavu. Ziko zilizochakaa kweli. Ziko pia zilizohukumiwa kwa sababu hakuna aliyekwenda nyuma ya mashine kupitisha kidole.