Kanisa Lililogeuka Bweni

Mwishoni mwa miaka ya 1980, aliyeingia kusali katika kanisa la Dolores Mission, mtaa wa Boyle Heights, Los Angeles, alipokewa na harufu ya miguu. Wanaume waliokuwa wamelala humo usiku kucha, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, walikuwa wametoka alfajiri kusaka vibarua. Harufu ilibaki. Baadhi ya waumini walinung'unika, wengine wakatishia kuhama parokia.

Baadhi ya wanaume hao walisukumwa na vita, kisha na sheria. El Salvador ilikuwa vitani tangu 1980. Novemba 1986, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowapatia makaratasi watu wapatao milioni 2.7. Ukiacha vibarua wa mashambani, aliyeingia Marekani baada ya kuanza kwa 1982 hakuguswa na neema hiyo, na sheria ileile ikamtoza faini mwajiri aliyemchukua kwa kujua. Asiye na makaratasi akakosa kazi, akakosa na kodi ya chumba.

Ng'ambo ya Mto Los Angeles, padri Luis Olivares alikuwa amelitangaza kanisa la La Placita kuwa kimbilio la wakimbizi tarehe 12 Desemba 1985, sikukuu ya Bikira Maria wa Guadalupe. Dolores Mission, chini ya Mjesuiti Greg Boyle, ikafuata njia hiyo, na huduma yake ya malazi, iliyoanza 1988, ikapewa jina la Guadalupe. Wanaume walilala kanisani, wanawake na watoto katika nyumba ya watawa.

Jina la padri ndilo linalotajwa zaidi, lakini mimi nawatazama akina mama wa parokia. Waliishi Pico Gardens na Aliso Village, nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini, ambako magenge yaliwaua watoto wao kwa risasi. Wenyewe hawakuwa na kitu. Walikutana katika jumuiya ndogo ndogo, kama wafanyavyo Wakatoliki wa Moshi au Kisumu. Walisoma Injili, kisha wakaulizana nani atawapikia wageni jioni.



Zulia la kanisa likasafishwa kuondoa ile harufu, wanung'unikaji wengi wakabaki. Miaka zaidi ya 30 baadaye, vitanda vilikuwa bado vinapangwa kanisani kila jioni, na kuondolewa asubuhi kupisha misa.