Vumbi la mjengo: hiyo gharama analipa nani?

Uzi 🧵

Kwa midahalo hukosi huyu jamaa: "Sheria za usalama kazini zinafukuza wawekezaji. Vijana wanataka kazi!" Sawa. Hebu tuongee kuhusu Hawks Nest.

1930, West Virginia, Marekani. Uchumi umeanguka, watu wanatafuta kazi yoyote. Kampuni ya Union Carbide inataka handaki la karibu kilomita 5 kupitia mlimani, maji ya mto yapite yazalishe stima. Watu kama 3,000 wanaingia chini, wengi wao Weusi waliotoka majimbo ya kusini.

Ule mwamba ulijaa silika. Na msiniambie eti hawakujua. Silika ilikuwa safi hadi handaki likapanuliwa ili mawe yapelekwe kwa kiwanda chao cha madini. Bei ya jiwe waliijua vizuri sana. Mapafu ya kibarua hayakuwa kwa hesabu.

Kinga pia ilijulikana: maji. Ukitoboa mwamba ukiumwagia maji, vumbi linatulia. Wachimba migodi walikuwa wanajua hivyo miaka mingi kabla. Lakini kutoboa pakavu kunaenda haraka, na kila siku ni pesa. Mwaka 1936 mashahidi waliambia kamati ya Bunge la Marekani kwamba vumbi lilikuwa zito hadi mtu hamwoni mwenzake. Wakubwa wakija kutembea, walivaa barakoa. 🙃

Kwa kawaida silikosisi, ugonjwa wa makovu kwa mapafu, huchukua miaka 10 ama zaidi kujitokeza. Hapa watu walianza kufa baada ya miezi.

Hesabu iliyokubaliwa: waliokufa 109. Daktari Martin Cherniack alipochambua rekodi miaka mingi baadaye, alikadiria 764. Tofauti inatoka wapi? Wengi walirudi makwao wakafia huko, hakuna aliyewahesabu.

Mwaka 1933 walioshtaki 157 walipatiwa dola 130,000 kwa jumla. Nusu ikaenda kwa mawakili. Gawanya mwenyewe.

Marekani iliweka kiwango cha vumbi hilo mwaka 1971, na ikakikaza 2016: mikrogramu 50 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Miaka 45! Na hoja ya wapinzani ilikuwa ileile ya gharama.

Sasa rudi hapa kwetu. Fundi anakata tile ama zege na grinda kavu, amejifunga leso mdomoni. Leso haisaidii, chembe zinazoua ni ndogo hata huzioni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 tunayo, inamtaka mwajiri awakinge watu na vumbi. Lakini kibarua hufanyia makontrakta kumi tofauti. Akianza kukohoa miaka 15 baadaye, kwanza anadhaniwa ana TB (na silika kweli huongeza hatari ya TB). Atamdai nani?

Kwa hivyo mgombea akisema kanuni ni ghali, muulize: kwa zabuni za nyumba na barabara za serikali, mashine za kukata kwa maji ziko kwa bei ya mkataba, ama kontrakta ameachiwa aamue?