Kutoka dadu hadi mahakamani: safari ya hesabu ya bahati

Wasomaji wangu, leo sitaandika kuhusu programu mpya wala toleo jipya la Linux. Nataka tuzungumzie hesabu ya bahati, ile ambayo vitabu vya Kiswahili huiita uwezekano. Kila anayeandika programu huitumia, hata bila kujua. Kichujio cha barua taka kinapoamua kwamba ujumbe fulani ni upuuzi, kimepiga hesabu hiyo. Mchezo wa karata kwenye simu unapochanganya karata, ni hiyo hiyo. Wengi wetu tuliisoma shule ya upili kwa kurusha sarafu na kuchomoa mipira mfukoni, tukafanya mtihani, tukaisahau. Ubaya ni kwamba tulipewa kanuni bila kuambiwa zilitoka wapi wala zilipotumiwa vibaya zilimgharimu nani. Makala haya ni marefu kidogo, kwa hivyo jaza kikombe cha chai kwanza.

Watu wamecheza kamari tangu zama za kale. Wamisri walicheza, Warumi walicheza hata pale sheria zao zilipokataza. Wagiriki waliweza kukadiria ukubwa wa dunia kwa kupima kivuli, lakini hawakutuachia nadharia ya dadu. Kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu bahati ilikuwa mali ya miungu, na mambo ya miungu mtu hayapigii hesabu.

Mmoja wa wa kwanza kuthubutu alikuwa Girolamo Cardano wa Italia (1501–1576), daktari, mwanahisabati na mcheza kamari sugu. Aliandika kitabu kidogo kuhusu michezo ya bahati ambacho kilichapishwa mwaka 1663, miaka 87 baada ya kifo chake. Wazo lake la msingi ndilo tunalolitumia hadi leo: orodhesha njia zote ambazo dadu zinaweza kuanguka, hesabu zile zinazokufaa, kisha gawanya. Ukirusha dadu mbili kuna njia 36. Hapa wengi huteleza, kwa sababu macho yanaona mchanganyiko 21 tu: 1 na 1, 1 na 2, na kadhalika. Lakini hebu paka dadu moja rangi nyekundu. Sasa utaona kwamba 3 na 4 inaweza kuja kwa njia mbili (nyekundu 3 nyeupe 4, au kinyume chake), na 3 na 3 inakuja kwa njia moja tu. Dadu hazijui kama umezipaka rangi au la. Kwa hivyo njia ni 36, na ukihesabu 21 utaliwa pesa.

Kumbuka jambo hilo: kuhesabu peke yake hakutoshi. Lazima vitu unavyovihesabu viwe na nafasi sawa.

Sasa twende kwenye swali ambalo liliwasumbua wasomi kwa zaidi ya karne moja na nusu. Watu wawili wanacheza, kila mmoja ameweka dau, na atakayefikisha idadi fulani ya ushindi wa kwanza anachukua chote. Mchezo unakatizwa katikati. Dau ligawanywe vipi?

Luca Pacioli alilijibu katika kitabu chake cha mwaka 1494. Alisema wagawane kwa kadiri ya walichokwisha kushinda. Mmoja ana 50, mwingine ana 20, na mchezo ni wa 60? Basi ni 5 kwa 2. Yasikika vizuri, sivyo? Mwaka 1556 Niccolò Tartaglia akaonyesha ubovu wake: mchezo ukikatizwa baada ya raundi moja tu, aliyeshinda hiyo moja atazoa dau lote, kwa maana mwenzake ana sifuri. Tartaglia mwenyewe hakupata jibu la kuridhisha. Alikata tamaa akasema hilo ni suala la kuamuliwa na mahakama kuliko hesabu. Angejua mahakama zingekuja kufanya nini na hesabu za aina hii, labda angesita kusema hivyo!

Jibu lilipatikana mwaka 1654 kwa barua zilizoandikwa kati ya Blaise Pascal, aliyekuwa Paris, na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kama burudani yake. Siri yao ilikuwa hii: waliacha kutazama nyuma. Alichokwisha kushinda mtu hakina maana yoyote isipokuwa kwa kutuambia amebakisha nini. Kinachogawanywa ni yale yanayoweza kutokea kuanzia sasa.

Chukua mfano wao. Wa kwanza amebakisha ushindi 2, wa pili amebakisha 3. Fermat alisema mchezo lazima utaisha ndani ya raundi 4, basi tuandike matokeo yote ya raundi 4. Sisi watu wa tarakilishi tuna njia rahisi: andika nambari za sifuri na moja kuanzia 0000 hadi 1111. Ziko 16. Moja ni ushindi wa mchezaji wa kwanza. Hesabu zenye moja angalau mbili: utapata 11. Zilizobaki ni 5. Dau ligawanywe 11 kwa 5, kwisha. Pascal alifika kwenye majibu yale yale kwa njia tofauti, akianzia mwisho wa mchezo na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Ukiwahi kuandika programu ya kujirudia, umeshatembea katika nyayo zake.

Hata hivyo, rafiki yao Roberval, naye mwanahisabati, hakuridhika. Alisema: mchezaji wa kwanza akishinda raundi mbili za mwanzo mchezo umekwisha, sasa hizo raundi nyingine mbili mnazihesabu za nini na hazitachezwa? Pascal alijibu kwamba wachezaji wakikubali kuendelea hadi raundi ya nne, mshindi habadiliki, na kuhesabu hivyo ndiko kunakofanya matokeo yote yawe na uzito sawa.

Usimcheke Roberval. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1754, Jean d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, alianguka kwenye shimo lilo hilo, tena ndani ya ensaiklopidia. Swali lilikuwa: ukirusha sarafu mara mbili, una nafasi gani ya kupata upande wa picha angalau mara moja? Yeye alisema ukiipata mara ya kwanza umemaliza, hakuna haja ya kurusha tena. Basi matokeo ni matatu: picha mara ya kwanza, picha mara ya pili, au hakuna kabisa. Mawili kati ya matatu ni mazuri, kwa hivyo jibu ni 2/3. Jibu sahihi ni 3/4, kwa sababu lile tokeo la kwanza lina uzito mara mbili ya mengine. Ni kosa lile lile la dadu 21, limevaa kanzu nyingine.

Katika barua zile za 1654 kuna pia habari za Chevalier de Méré, muungwana mpenda kamari. Yeye alijua kwamba kuweka dau kwamba utapata 6 angalau mara moja katika kurusha dadu moja mara 4 kuna faida. Akafikiri kwamba kupata 6 mbili kwa pamoja katika kurusha dadu mbili mara 24 kutakuwa vivyo hivyo, maana 4 kwa 6 ni sawa na 24 kwa 36. Sivyo. Njia nyepesi ni kuhesabu nafasi ya kukosa. Nafasi ya kukosa 6 mara moja ni 5/6. Kukosa mara nne ni 5/6 ikizidishwa kwa yenyewe mara nne, karibu 0.482. Kwa hivyo nafasi ya kupata ni karibu 0.518. Kwa dadu mbili, chukua 35/36 uizidishe mara 24, na nafasi ya kupata inatoka karibu 0.491. Ya kwanza inakupa faida, ya pili inakula pesa zako taratibu.

Husimuliwa kwamba Méré aligundua hili kwa kupoteza pesa. Mimi siamini sana. Tofauti kati ya 0.491 na nusu ni ndogo mno. Ili uione kwa macho bila kudanganywa na bahati yenyewe unahitaji kucheza zaidi ya mara elfu kumi na kuandika kila tokeo. Kwa tarakilishi ni kazi ya kufumba na kufumbua: andika kitanzi, rusha mara laki moja, na utaona ushindi ukizungukazunguka 49,140. Lakini mtu na dadu zake mezani? Pascal anaeleza kwamba Méré alikasirishwa na hesabu zenyewe, akaona kama zinajipinga. Nadhani alikuwa na kalamu mkononi.

Mambo yakaenda mbio kutoka hapo. Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kitabu cha kwanza cha nadharia hii mwaka 1657. Kitabu cha Jacob Bernoulli kikatoka 1713, miaka minane baada ya kifo chake, kikithibitisha kwamba ukirudia jaribio mara nyingi sana, wastani hukaribia uwezekano wenyewe. Kampuni za bima zikazaliwa. Sitakaa hapo.

Nataka kurudi kwenye ile alama ya kuzidisha, kwa sababu ndani yake mna sharti ambalo watu hulisahau. Tulizidisha 5/6 kwa 5/6 kwa sababu dadu haina kumbukumbu. Kurusha kwa kwanza hakukuambukiza chochote kurusha kwa pili. Matukio yasipotegemeana, unazidisha. Yakitegemeana, kuzidisha ni uongo wenye desimali.

Vijana wanaobeti wanaonja kuzidisha huku kila wikendi. Chagua mechi 10, kila moja ukiwa na nafasi 7 kati ya 10 ya kupatia. Mkeka mzima una nafasi ya 0.7 ikizidishwa mara 10, chini ya 3 kati ya 100. Hapo kuzidisha ni halali, maana timu ya Uhispania haijui timu ya Italia imefanya nini. Sasa chukua seva mbili. Kila moja ina nafasi 1 kati ya 100 ya kuzima siku fulani, na mtu anakuambia zote mbili kuzima pamoja ni 1 kati ya 10,000. Muulize: zimechomekwa wapi? Kama zinatumia soketi moja, stima ikipotea zinazima zote mara moja, na ile 10,000 yake haina maana.

Sasa mahakamani. Sally Clark alikuwa wakili huko Cheshire, Uingereza. Mtoto wake wa kwanza alikufa ghafla akiwa mchanga Desemba 1996. Wa pili akafa Januari 1998. Clark alishtakiwa kwa kuwaua wote wawili. Mwaka 1999 Roy Meadow, profesa mashuhuri wa magonjwa ya watoto, alitoa ushahidi. Alitumia utafiti uliosema kwamba katika familia isiyo na mvutaji sigara, yenye mtu anayepata mshahara, na mama mwenye umri zaidi ya miaka 26, kifo cha ghafla cha mtoto mchanga hutokea mara 1 kati ya 8,543. Kwa watoto wawili akazidisha 8,543 kwa 8,543, akapata 1 kati ya milioni 73. Akafananisha na mtu kubahatisha farasi asiyetazamiwa, wa 80 kwa 1, na kushinda naye miaka minne mfululizo. Jopo la raia walimpata Clark na hatia kwa kura 10 dhidi ya 2, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Angalia soketi. Watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanashiriki damu, nyumba, hewa na maradhi. Kama kuna kitu kilichomuua wa kwanza, kinaweza kuwepo bado wa pili anapozaliwa. Hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba vifo hivyo havitegemeani, na bila hilo ruhusa ya kuzidisha haipo. Tena kuna kosa la pili. Hata kama milioni 73 ingekuwa sahihi, ni nafasi ya familia kama hiyo kupata vifo viwili vya aina hiyo. Watu wakaisikia kama nafasi ya Clark kuwa hana hatia. Mama kuua watoto wake wawili ni jambo nadra sana pia. Watoto walikuwa wameshakufa. Kilichopaswa kupimwa ni nadra ipi kati ya hizo mbili ni ndogo zaidi, na hesabu hiyo haikuwekwa mbele ya jopo.

Rufaa ya kwanza ilikataliwa Oktoba 2000. Oktoba 2001 chama cha wanatakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kilitoa taarifa ya wazi kwamba takwimu ile haikuwa na msingi wa kitaalamu. Kisha ikagunduliwa kwamba daktari aliyechunguza maiti hakuwa ametoa matokeo ya vipimo vilivyoonyesha bakteria katika mwili wa mtoto wa pili. Januari 2003 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu, na majaji wakasema takwimu ile haikupasa kamwe kuwekwa mbele ya jopo kwa namna ile.

Clark alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka mitatu. Alifariki Machi 2007 akiwa na umri wa miaka 42.