Simfoni ya Kumi ya Beethoven: mradi ulioachwa katikati

Leo tuiweke Linux kando kidogo. Kuna mradi mmoja mkongwe ambao umenishughulisha wiki nzima. Hauna hata mstari mmoja wa msimbo, lakini yeyote aliyewahi kurithi programu ya mtu aliyekwenda zake bila kuacha maelezo atautambua mara moja. Mwenye mradi alifariki mwaka 1827. Waliokuja nyuma yake wameushika kwa njia mbili: kwanza kwa kalamu na karatasi, kisha kwa tarakilishi.

Tuanze na kisa chenyewe. Simfoni ya Tisa ya Ludwig van Beethoven, ile yenye kwaya mwishoni, ilipigwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 7 Mei 1824. Miaka mitatu baadaye mzee alikuwa kitandani, mgonjwa sana. Chama cha Philharmonic cha London kikamtumia pauni 100 za kumsaidia. Tarehe 18 Machi 1827 akaandikisha barua ya shukrani, na ndani yake akaahidi kuwatungia kazi mpya: pengine simfoni ambayo michoro yake tayari ilikuwa mezani mwake. Siku nane baadaye akafa.

Sasa, simfoni hiyo ilikuwa wapi? Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Novemba mwaka huo huo vitu vyake vilipigwa mnada na madaftari yake yakatawanyika. Shahidi mmoja, Karl Holz, mpiga fidla aliyekuwa kama katibu wake, alisema alimsikia Beethoven akiicheza kwa piano: utangulizi mpole katika E-flati meja, halafu sehemu ya kasi na nguvu katika C maina. Shahidi mwingine, Anton Schindler, naye alikuwa na yake ya kusema, ila huyu bwana ni wa kuogopwa. Katika miaka ya 1970 wataalamu waligundua kwamba alikuwa ameongeza maneno ya uongo ndani ya madaftari ya mazungumzo ya Beethoven baada ya mwenyewe kufa. Yaani mtu kaingia kwenye hifadhidata akabadilisha rekodi, na ikachukua karne nzima na zaidi kumkamata!

Ndiyo maana alichokipata Barry Cooper kina uzito. Mwaka 1983 msomi huyo Mwingereza alikuwa akipekua madaftari ya Beethoven yaliyohifadhiwa Berlin, akakutana na vipande vinavyofanana na maelezo ya Holz: taratibu katika E-flati, kasi katika C maina. Akakusanya takriban ba 250 (ba ni zile hatua zinazogawanywa na mistari ya wima kwenye karatasi ya noti, wenzangu wa kwaya tuliozoea do-re-mi tuvumiliane). Usidhani ba hizo zilikuwa muziki kamili. Mara nyingi ni sauti moja tu imeandikwa kwa haraka, bila kuonyesha ni fidla au tarumbeta, wala nini kinapita chini yake. Cooper akapanga, akajaza mapengo, akagawa vyombo. Sehemu hiyo ya kwanza ilipigwa London Oktoba 1988, katika tamasha la chama kile kile kilichotuma pauni 100. Deni likalipwa, tuseme hivyo, baada ya miaka 161.

Alikuta pia michoro ya sehemu ya tatu, skerzo, lakini akaona haitoshi. Akaacha.

Hapo alipoachia Cooper ndipo mradi wa pili ulipoanzia. Mwaka 2019 kampuni ya simu ya Ujerumani, Deutsche Telekom, ilikusanya kikosi kwa ajili ya kutimia kwa miaka 250 tangu Beethoven azaliwe. Upande wa kompyuta alikuwepo Ahmed Elgammal wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Upande wa muziki alikuwepo Walter Werzowa, na huyu mnamjua hata kama hamlijui jina lake: ndiye aliyetunga ule mlio mfupi wa matangazo ya Intel. Mfumo wao ulifunzwa kwa muziki wa zamani na wa Beethoven mwenyewe, kisha ukapewa kipande cha mchoro na kutakiwa kukisia kinachofuata, kama simu inavyokisia neno lako linalofuata unapoandika ujumbe. Ulitoa majibu mengi, watu wakachagua. Matokeo yalipigwa Bonn, mji alikozaliwa Beethoven, tarehe 9 Oktoba 2021.

Naandika haya nikiwa Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, na hapa swali la kumalizia kazi ya mwingine si geni. Uchongaji wetu wa biashara unahesabiwa tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika, alikojifunza kuchonga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Twiga mmoja anaweza kupita mikono kadhaa: huyu anakata gogo kwa tezo, yule analainisha kwa kisu, mwingine anapiga msasa na rangi. Hakuna anayelalamika.

Lakini tazama tofauti. Gogo lililochongwa nusu limekwisha kukataa mambo mengi. Mti ulioondolewa haurudi. Kama shingo imeshatokea, huwezi kumgeuza kiboko. Mchoro wa muziki haukatai kitu. Ni pendekezo tu, na Beethoven alikuwa bingwa wa kutupa mapendekezo yake mwenyewe. Mfano mzuri: kwa ajili ya mwisho wa Simfoni ya Tisa aliwahi kuandika wazo la vyombo vitupu bila waimbaji. Akaliweka kando, akaleta kwaya, kisha lile wazo akalihamishia kwenye kwarteti yake ya nyuzi katika A maina, opasi 132. Sasa jiulize, kama angekufa mwaka 1823, wajuzi wangetumalizia Simfoni ya Tisa ya namna gani? Bila kwaya, bila shaka, na kwa ushahidi wa mkono wake mwenyewe!

Kwa hiyo mimi namkubali Cooper zaidi, si kwa sababu alitumia kalamu, bali kwa sababu alijua pa kusimama. Mradi wa 2021 naupenda kama uhandisi. Ila ilipofika tamati, mchoro ulikuwa haba na makisio mengi, na bado bango linabeba jina la mzee.

Kuna pia suala la leseni, ambalo sisi wa chanzo huria hatuwezi kuliruka. Mwingereza Edward Elgar alikufa Februari 1934 akiacha zaidi ya kurasa 100 za michoro ya Simfoni ya Tatu, na aliomba wazi kwamba mtu asiichezee. Familia yake ilikataa kwa miaka mingi. Kilichowabadilisha ni sheria: hakimiliki ingekwisha miaka 70 baada ya kifo chake, na baadhi ya michoro ilishachapwa kitabuni tangu 1936. Yeyote angeweza kuirukia. Wakaona afadhali wachague fundi wao, Anthony Payne, na kazi ikapigwa London Februari 1998. Jina lake rasmi halisemi ni simfoni ya Elgar. Linasema ni michoro ya Elgar iliyoendelezwa na Payne. Natamani hata orodha za mabadiliko za programu zetu zingekuwa na adabu hiyo.

Anayetaka kusikia ya Cooper atafute rekodi ya 1988 ya London Symphony Orchestra chini ya Wyn Morris. Inaanza polepole sana, msiizime. Ile C maina ya Holz inakuja baadaye.