Dini, Nyumba na Idadi ya Watoto: Historia ya Uzazi Mitaani Kwetu



Ndugu msomaji, ukikaa kibarazani baada ya futari, iwe ni Majengo, Kaloleni au Umoja, kuna maneno mawili huyakosi. La kwanza husemwa na majirani: ati Waislamu wazaa sana, mwisho watajaa nchi nzima. La pili twalisema sisi wenyewe: ati kupanga uzazi ni njama tu ya kutupunguza. Maneno haya si mzaha. Yamefanya majirani watazamane vibaya, na yamefanya mke afiche vidonge kabatini asimwambie mumewe. Basi na tuiulize historia.

MJI WA WANAUME

Wakoloni hawakuijenga Nairobi kwa ajili ya familia. Walitaka kibarua aje peke yake, apewe mahali pa kulala, afanye kazi, kisha arudi kwao. Mke na watoto wabaki reserve. Ndiyo maana Kariakor, Shauri Moyo na Ziwani zilianza na vyumba vidogo vya wanaume. Mtu angezaa na nani, na mtoto angelala wapi?

Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa tofauti kidogo. Hapo Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba yake, na wengi wa waliojenga walikuwa Waislamu. Watafiti Janet Bujra na Luise White, waliozungumza na wazee wa Pumwani miaka ya 1970, walieleza kwamba wanawake wengi walimiliki nyumba hizo, na wengi wao walisilimu. Baadhi hawakujaliwa watoto wa kuzaa, wakalea wa wenzao. Kwa hivyo mtaa wa Kiislamu wa zamani kabisa hapa Eastlands haukuanza na nyumba zilizojaa watoto. Ulianza na wageni waliofanywa kuwa jamaa na dini.

Mambo yalibadilika miaka ya 1940, serikali ilipoanza kujenga nyumba za familia kama Kaloleni. Baada ya uhuru mwaka 1963, kina mama na watoto wakaja mjini kwa wingi. Miaka ya 1970 zikafuata Buruburu, Umoja na Dandora. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyokuwapo tangu 1926, ikawa mlango wa kuingilia duniani kwa maelfu ya watoto wa Nairobi.

NCHI ILIYOONGOZA DUNIANI

Uchunguzi wa mwaka 1977-78 ulikuta kwamba mwanamke wa Kenya kwa wastani angezaa watoto 8 maishani mwake. Sensa ya 1979 ikaonyesha idadi ya watu yapanda kwa karibu asilimia 3.8 kila mwaka. Kwa mwendo huo, nchi huongezeka mara mbili kabla ya miaka 20 kuisha! Kenya ikatajwa kuwa ya kwanza duniani kwa kuongezeka.

Sasa tujiulize: je, Kenya ya wakati huo ilikuwa nchi ya Waislamu? La hasha. Wengi walikuwa Wakristo, kama leo. Tena serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa uzazi tangu 1967, wa mwanzo Afrika kusini mwa Sahara.

Sababu zilikuwa za maisha ya kawaida. Chanjo na zahanati zilifanya watoto wengi zaidi wapone. Ada ya shule za msingi ilianza kupunguzwa mwaka 1974, mtoto akawa si mzigo mkubwa. Na mila za zamani za kuachanisha watoto, kunyonyesha kwa muda mrefu na mume kukaa mbali na mke aliyejifungua, zilikuwa zimeanza kulegea. Chupa ya maziwa iliingia nyumbani, mimba nayo ikafuata upesi.

KISHA IKASHUKA

Kufikia 1989 wastani ulikuwa 6.7. Mwaka 1998 ukawa 4.7, ukakwama hapo kwa muda, halafu 2014 ukafika 3.9, na 2022 ukawa 3.4. Nini kilitokea? Shamba la babu lilikuwa limegawanywa hadi likaisha. Mwisho wa miaka ya 1980 wazazi wakaanza kuchangia gharama za shule na hospitali. Wasichana wakasoma zaidi na kuolewa baadaye. Na hapa Eastlands kodi ya chumba haingoji mtu.

Viongozi wa dini hawakunyamaza. Katikati ya miaka ya 1990 Kadinali Maurice Otunga na Sheikh Ali Shee wa Msikiti wa Jamia walishirikiana kuchoma mipira ya kondomu hadharani, wakihofia zinaa. Lakini uzazi uliendelea kushuka katika miaka hiyo hiyo. Watu walisikiliza mimbari, na pia walihesabu pesa mfukoni.

Si Kenya peke yake. Iran, nchi ya Kiislamu, ilitoka zaidi ya watoto 6 miaka ya 1980 hadi karibu 2 mwaka 2000. Bangladesh nayo ilishuka vivyo hivyo, polepole zaidi. Uganda, yenye Wakristo wengi, ilikuwa bado na wastani wa 5.2 mwaka 2022.

HESABU YETU WAISLAMU

Sensa ya 2009 ilihesabu Waislamu milioni 4.3 kati ya Wakenya milioni 38.6. Ile ya 2019, milioni 5.2 kati ya milioni 47.6. Zote mbili ni karibu asilimia 11. Hatukujaza nchi, wala hatukumalizwa. Maneno yote mawili ya kibarazani yameanguka.

Ni kweli kwamba mwaka 2022 Mandera ilikuwa na wastani wa 7.7, Nairobi 2.5. Lakini tazama: Mandera hospitali ziko mbali, wasichana wengi hawakupata shule, na mfugaji anahitaji mikono ya kuchunga. Ukisema ni dini tu, utakuwa umewasamehe waliopaswa kujenga shule na hospitali hizo.

SHERIA YASEMAJE

Uislamu wapenda watoto, na Mtume (s.a.w.) alihimiza kuoa na kuzaa. Qur'ani yakataza kuua watoto kwa kuogopa umaskini (17:31). Lakini pia yataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na yataka baba na mama washauriane kuhusu kumwachisha mtoto ziwa (2:233). Masahaba walifanya azl, yaani mume kujitoa, wakati wahyi ukiteremka, kama alivyosimulia Jabir (r.a.). Na mwaka 1988 huko Kuwait, Baraza la Fiqhi la Kimataifa liliamua kwamba mume na mke waweza kuachanisha watoto kwa muda, kwa kuridhiana na bila madhara. Likakataa kukata kizazi pasipo dharura, na likakataa serikali kulazimisha watu.

Kumbuka pia saumu yetu hii. Mama mjamzito au anayenyonyesha akihofia madhara, sheria yampa ruhusa kula. Mola wetu ameuona uzito wake. Iweje mume asiuone?

Vijana wenzangu, mnaotaka kuoa na mlio kwenye ndoa: zungumzeni. Msiamue kwa maneno ya kibarazani, wala kwa kuoneana haya. Mwulizeni daktari, mwulizeni sheikh. Mtoto mmoja au wanane, Siku ya Kiyama tutaulizwa tuliwalea vipi, na mama yao tulimtendea nini.

Allah atujaalie kizazi chema, atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.